Ukielemewa na madeni Mtwara au Lindi: hatua za kufuata kabla ya kuomba ufilisi na baada ya kuuomba

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na katika mikoa ya Kusini harusi hiyo ina majira yake. Kuanzia mwezi Mei hadi Septemba mkulima wa korosho wa Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea au Liwale analipa vibarua wa palizi na wa kupulizia dawa, ananunua mafuta ya mashine, na bado nyumbani watu wanakula, ilhali fedha ya mnada haiingii kabla ya Oktoba na mara nyingine huchelewa zaidi ya hapo. Pengo hilo ndilo linalojazwa na mikopo: ya chama cha akiba na mikopo, ya kikundi cha VICOBA, ya duka la pembejeo, ya simu, ya kangomba (kuuza korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa), na ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mwalimu, mvuvi wa Kilwa, dereva wa bodaboda na mama lishe wa stendi ya Lindi hawana korosho, lakini nao wana pengo lao.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu ambaye amefika mahali ambapo mapato yake hayatoshi tena kulipa madeni yake, hata ajinyime vipi. Nimeuandika kwa sababu watu wengi katika hali hiyo hufanya mambo mawili tu: hukopa deni jipya kulipa la zamani, au huondoka usiku kwenda Dar es Salaam au kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Wachache wanajua kwamba Tanzania ina sheria inayomruhusu mtu wa kawaida, asiye na kampuni wala cheo, kwenda mahakamani mwenyewe na kusema kwamba ameshindwa kulipa. Hiyo ni Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, na bado inatumika.

Naomba lieleweke mapema kwamba sheria hiyo haifuti madeni kwa siku moja. Wanaosoma habari za Marekani mtandaoni wanaona mtu akijaza fomu na baada ya miezi michache amekuwa huru, na jirani zetu wa Kenya, kupitia sheria yao ya mwaka 2015, wana utaratibu maalumu wa mtu asiye na mali, mwenye deni la kati ya shilingi za Kenya 100,000 na 4,000,000, ambaye huachiliwa baada ya miezi 12. Sheria yetu haina njia fupi ya namna hiyo. Kwetu ufilisi ni kukabidhi mali zako mahakamani ili zigawanywe kwa haki, kisha kuomba ufunguliwe, yaani uachiliwe na madeni yaliyobaki. Kwa sababu hiyo unakuja mwisho, baada ya njia nyingine kujaribiwa, na hatua za mwanzo hapa chini ndizo zitakazowatosha wasomaji wengi.

Hatua ya kwanza: andika madeni yote

Chukua daftari na uandike kila deni kwenye ukurasa wake. Andika jina la mdai, tarehe uliyopokea fedha, kiasi ulichopokea mkononi (si kile kilichoandikwa kwenye karatasi, kama vilitofautiana), kiasi ulichokwisha kulipa, kiasi anachodai sasa, dhamana uliyoweka, na jina la mdhamini kama yupo. Bandika au nakili ujumbe wa miamala ya simu, risiti, na karatasi za makubaliano. Usiache deni la ndugu kwa sababu ya aibu, wala deni la duka kwa sababu ni dogo.

Kazi hii inachosha na inaumiza, na watu wengi huiruka. Hata hivyo hakuna hatua hata moja mbele inayowezekana bila daftari hili: msaidizi wa kisheria ataliomba, mdai utakayezungumza naye atataka kuona kwamba hukumfanya yeye peke yake mjinga, na mahakama ya ufilisi itakutaka uape kwamba orodha yako ni kamili. Mke au mume wako naye aione. Ninajua ndoa ambazo zilivumilia umaskini lakini hazikuvumilia deni lililofichwa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Tandahimba ambaye daftari lake linaonyesha hivi: chama cha akiba na mikopo kinamdai shilingi 2,000,000, na ana wadhamini wawili, mkopeshaji wa mtaani anamdai 500,000, duka la pembejeo 350,000, kikundi cha VICOBA 400,000, na shemeji yake 200,000. Jumla ni shilingi 3,450,000. Tutamrudia.

Hatua ya pili: tenganisha deni halali na kiasi kilichopachikwa

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni au usajili. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana huwa kwenye daraja la pili, chini ya Benki Kuu. Vyama vya akiba na mikopo viko daraja la tatu, na vikundi kama VICOBA daraja la nne. Kwa daraja la pili Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji anayekutoza asilimia 30 kwa mwezi amevuka kikomo hicho karibu mara tisa.

Mkulima wetu alipokea shilingi 500,000 kutoka kwa mkopeshaji wa mtaani na amekuwa akilipa 150,000 kila mwezi kwa miezi minne, yaani 600,000, na bado anaambiwa mtaji wote wa 500,000 uko palepale. Kwa kikomo cha asilimia 3.5, riba ya miezi minne kwenye 500,000 ni shilingi 70,000, hata tukiihesabu kana kwamba hakupunguza mtaji hata kidogo. Mtaji na riba ni 570,000, naye amelipa 600,000. Kwa hesabu hiyo hadaiwi kitu. Hesabu hii aiandike kwenye daftari, ailinganishe na karatasi alizosaini, na aende nayo kwa msaidizi wa kisheria au Benki Kuu, tawi la Mtwara, kabla hajatoa shilingi nyingine.

Mikopo ya programu za simu ichunguzwe kwa namna hiyo hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mkopeshaji anayewatumia jamaa zako wote ujumbe wa kukufedhehesha kwa kuchota namba kwenye simu yako anagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yake yana tume yake. Hifadhi picha za ujumbe huo; usizifute kwa hasira.

Kuhusu kangomba, ambapo mtu huuza korosho zake kabla ya msimu kwa bei ya kutupa ili apate fedha ya haraka, biashara hiyo imekatazwa, na anayekuambia kwamba atakupeleka mahakamani kwa sababu ya magunia uliyoahidi anajua kwamba naye atatakiwa kueleza alivyoyanunua. Andika daftarini fedha uliyopokea kweli, na ujadiliane kuhusu fedha hiyo tu.

Angalia pia umri wa deni. Kwa Sheria ya Ukomo, madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Lakini ukiandika barua ya kukiri deni, au ukilipa sehemu yake, muda huo unaweza kuanza kuhesabiwa upya, kwa hiyo usisaini karatasi ya kukiri deni la zamani kabla ya kupata ushauri.

Jambo moja zaidi kwa watumishi. Kumwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri ni kumkabidhi mshahara wako wote, na hakuna mkataba halali unaohitaji hivyo. Nenda benki yako, toa taarifa, uombe kadi mpya na ubadilishe namba. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na kadi iliyo mfukoni mwa mtu mwingine inauvunja ulinzi huo kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya tatu: nenda kwa wadai kabla hawajaja kwako

Baada ya kuondoa kile ambacho hakimhusu, mkulima wetu amebakiwa na madeni ya shilingi 2,950,000. Anatarajia kwamba mnada, baada ya makato ya chama cha ushirika, utamwachia kama 2,400,000. Familia yake haiwezi kufika msimu ujao kwa chini ya 1,220,000. Zinabaki 1,180,000, ambazo ni asilimia 40 ya madeni yake yote.

Ushauri wangu ni kwamba awaandikie wadai wote wanne barua fupi inayofanana, yenye orodha ya madeni na mapato, akipendekeza kila mmoja apate asilimia 40 msimu huu na iliyobaki igawanywe misimu miwili inayofuata. Chama cha akiba na mikopo kitapata 800,000, duka 140,000, kikundi 160,000 na shemeji 80,000. Usawa huu una maana kubwa. Mdai mkali akilipwa peke yake kwa sababu anapiga kelele, wapole wanaonewa, na hao wapole ndio watakaokuwa wakali mwezi ujao. Isitoshe, ikiwa mambo yataishia kwenye ufilisi, malipo ya upendeleo kwa mdai mmoja wakati umeshajua huwezi kuwalipa wengine yanaweza kutenguliwa na fedha zikarudishwa kwenye fungu la wote.

Wadhamini wako uwaambie mapema. Mtu aliyekudhamini kwenye chama atadaiwa hata kama wewe umepata nafuu. Na hili, nalisisitiza, ni kweli pia baada ya ufilisi. Kufunguliwa kwako hakumfungui mdhamini. Kwa watu wa vikundi, ambapo wanachama wote hudhaminiana, ndiyo sababu kubwa ya kutafuta maelewano kwanza.

Makubaliano yoyote yaandikwe, yasainiwe na pande zote mbili, na yashuhudiwe. Ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa inatosha kwa shahidi. Kama unahitaji mtu wa kukusaidia kuandika au kuketi nanyi mezani, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwahudumia bila malipo wasio na uwezo. Uliza katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako wanapatikana wapi.

Hatua ya nne: ukishitakiwa, fika mahakamani

Deni ni jambo la madai. Polisi hawana kazi ya kumkusanyia mkopeshaji fedha zake, isipokuwa kama kuna tuhuma za kweli za wizi au udanganyifu. Mdai anayetaka haki yake anakwenda mahakamani, na kwa madeni ya kawaida ni mahakama ya mwanzo, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 30.

Ukipata hati ya wito, fika siku iliyopangwa. Kutofika huzaa hukumu ya upande mmoja, na hapo kiasi chote kilichopachikwa, riba haramu pamoja na faini za kubuni, kinageuka kuwa amri ya mahakama kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukipinga. Nenda na daftari lako. Kiri unachodaiwa kweli, pinga usichodaiwa, na uombe kulipa kwa awamu huku ukionyesha mapato yako. Omba hilo kabla ya hukumu kusomwa, kwa kuwa katika mahakama za wilaya na za juu hakimu ana uhuru mpana wa kuamuru awamu wakati anatoa hukumu. Ikishatolewa, mara nyingi itakubidi upate ridhaa ya mdai.

Mdai akishinda na wewe ukashindwa kulipa, anaweza kuomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, na hapo ndipo dalali wa mahakama anapojitokeza. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataja vitu visivyokamatwa katika hatua hiyo: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima, nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, na ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yanategemea ardhi hiyo. Dalali akiigusa mikorosho yako au nyumba unayolala kwa hukumu ya deni lisilo na dhamana, peleka pingamizi mahakamani haraka.

Nyumba au shamba uliloweka rehani benki ni habari nyingine; kinga hiyo haikusaidii hapo. Lakini nako kuna taratibu. Sheria ya Ardhi inamtaka mwenye rehani akupe notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, na mnada wa ardhi haufanyiki bila tangazo la siku zisizopungua 14. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani halali bila ridhaa ya mwenzi. Muuzaji anawajibika kutafuta bei nzuri, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inamchukulia kwamba hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo.

Yupo pia mdai anayetishia kifungo. Kifungo cha madai kipo, na hakizidi miezi sita, lakini mahakama lazima kwanza ikuite ujieleze, na ukionyesha kwamba hulipi kwa sababu ya umaskini na si kwa hila, inaweza kukataa kukufunga. Gharama za chakula chako gerezani analipa mdai. Kilichowapeleka wengi gerezani ni kuficha mali au kukimbia wito.

Hatua ya tano: pima kama ufilisi unakufaa

Hapa naomba msomaji asome taratibu. Orodha ya vitu vinavyobaki kwa mufilisi katika Sheria ya Ufilisi ni fupi kuliko ile niliyoitaja hapo juu: ni zana za kazi, nguo za lazima na matandiko yake na ya familia yake, tena kwa thamani iliyowekewa kikomo. Nyumba ya kuishi na shamba havimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mkulima wetu wa Tandahimba, ambaye ana nyumba na ekari zake za mikorosho, akiomba ufilisi anaweza kuhatarisha vitu ambavyo mdai wa kawaida asingeweza kuvikamata. Kwake ufilisi haufai. Abaki kwenye awamu zake.

Anayefaa zaidi ni mtu wa namna hii: mfanyabiashara wa Mtwara Mjini ambaye duka lake limefungwa, anadaiwa shilingi milioni 48 na wadai sita, amepanga nyumba, hana shamba, watatu kati ya wadai hao wana hukumu dhidi yake, na kila mmoja anamvizia kwa wakati wake. Huyu hana kikubwa cha kupoteza, na anachokihitaji ni wadai wote waitwe mahali pamoja na kuzuiwa kumfuata mmoja mmoja.

Kabla ya kuamua, jiulize pia kama uko tayari kwa haya: jina lako kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kukatazwa kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama, kuwa kosa la jinai kukopa bila kumwambia mkopeshaji kwamba wewe ni mufilisi, na mali utakayoipata kabla ya kufunguliwa, hata urithi, kuingia kwenye fungu la wadai. Anayetarajia urithi wa karibuni afikiri mara mbili.

Na kama uliwahi kuhamisha kiwanja kwa jina la mdogo wako ili kukificha, au ulimpa mtu mali bure huku madeni yakikuandama, sema hilo kwa wakili wako kabla ya kufungua maombi. Sheria inarudi nyuma miaka kadhaa kuchunguza mambo hayo, na kuficha mali katika ufilisi ni kosa linaloadhibiwa.

Hatua ya sita: fungua maombi

Maombi ya ufilisi wa mtu binafsi husikilizwa na Mahakama Kuu, na kwa wakazi wa Mtwara na Lindi masjala iliyozoeleka ni ile ya Mtwara. Utahitaji wakili; kama huna uwezo, anza na msaada wa kisheria mapema, kwa sababu kuandaa nyaraka kunachukua muda, na siku hizi nyaraka hupokelewa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Maombi yanasema jambo moja zito: kwamba huwezi kulipa madeni yako. Ukishayafungua huwezi kuyaondoa bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo yasitumike kama kitisho cha kumtuliza mdai. Jaji akiona kwamba ombi limeletwa ili kukwepa hukumu moja wakati mwombaji ana uwezo, halitafika mbali.

Mdai naye anaweza kuomba ufanywe mufilisi, ikiwa umetenda mojawapo ya matendo ambayo sheria inayaita matendo ya kufilisika. Mojawapo ni kuondoka nchini, au kujificha usionekane nyumbani kwako, kwa nia ya kuwakwepa wadai. Yule aliyevuka Ruvuma usiku alidhani ameukimbia ufilisi. Kisheria alikuwa amewapa wadai sababu ya kuuomba.

Hatua ya saba: baada ya mahakama kutoa amri

Mahakama ikikubali, hutoa amri ya kuweka mali zako chini ya msimamizi rasmi wa Serikali, kazi inayofanywa kupitia RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao kwa wilayani hupatikana kwenye ofisi za mkuu wa wilaya. Kuanzia hapo mdai asiye na dhamana haruhusiwi kukufungulia kesi mpya au kuendelea kukufuata bila idhini ya mahakama. Hii ndiyo nafuu kubwa na ya kwanza. Benki yenye rehani, kwa bahati mbaya, haizuiwi kuuza dhamana yake.

Utatakiwa kuwasilisha taarifa ya hali yako ya mali na madeni kwa kiapo, na ndani ya siku chache tu. Mwenye daftari la hatua ya kwanza hatahangaika. Kisha wadai wataitwa kwenye mkutano, nawe utahojiwa hadharani mahakamani chini ya kiapo: fedha zilikwenda wapi, ulikopa ukijua nini, mali ipi uliuza na kwa nani. Maswali hayo ni magumu, na mtu aliyezoea heshima mtaani kwake huona uchungu kuyajibu mbele ya watu. Jibu ukweli, hata ule unaokuaibisha. Kama fedha zilipotea kwenye kubeti, sema, ingawa ujue kwamba kamari ni miongoni mwa mambo ambayo mahakama huyapima itakapofika wakati wa kukufungua.

Bado una nafasi ya maelewano hata katika hatua hii. Ukipendekeza mpango wa malipo, na ukakubaliwa na wengi wa wadai kwa idadi ambao pia wanabeba robo tatu ya thamani ya madeni yaliyothibitishwa, na mahakama ikauidhinisha, mpango huo unawafunga hata waliokataa. Kwa yule mfanyabiashara wa Mtwara Mjini wa milioni 48, inamaanisha wadai wasiopungua wanne kati ya sita wanaodai angalau milioni 36, kama wote sita wamethibitisha madai yao. Ukikosekana mpango, mahakama inakutangaza mufilisi, mali zinauzwa, na fedha zinagawanywa: kodi na mishahara ya wafanyakazi hutangulia, kisha wengine kwa uwiano.

Hatua ya nane: omba kufunguliwa

Watu husahau hatua hii, na hakuna jambo linalonisikitisha kuliko mtu aliyepitia fedheha yote kisha akaishia njiani. Katika sheria yetu usitegemee muda ukufungue wenyewe kama inavyokuwa katika nchi nyingine; wewe ndiye unayeomba, wakati wowote baada ya kutangazwa mufilisi, ingawa ombi halisikilizwi kabla mahojiano ya hadharani hayajakamilika. Mahakama itasoma ripoti ya msimamizi kuhusu mwenendo wako, na inaweza kukufungua moja kwa moja, kukufungua kwa masharti, kuahirisha, au kukataa. Ushirikiano wako tangu siku ya kwanza ndio unaosomwa hapo. Madeni yaliyotokana na udanganyifu hayafutwi.

Ukipata amri ya kufunguliwa, omba nakala zilizothibitishwa na mahakama, zaidi ya moja. Moja ipeleke benki yako, na nyingine kwa kampuni ya taarifa za mikopo ambayo benki huitumia, ili kumbukumbu zako zirekebishwe. Ya tatu ihifadhi pamoja na lile daftari, mahali ambapo mchwa na mvua za masika havifiki, kwa kuwa mdai wa zamani anaweza kurudi miaka mingi baadaye, na siku hiyo utahitaji karatasi ya kumwonyesha.